Lugha Aliyonena Mama Ineza

Mpaka mwisho wa maisha yake Speciose alisikiliza kwa sikio moja. Asubuhi, kabla hajashika jembe, alichomeka hedifoni kwenye sikio la kushoto, akauficha waya chini ya kilemba, na ile nyingine akaiacha ining'inie ndani ya blauzi. Binti yake Ineza alipomuuliza kwa nini asitumie masikio yote mawili, alijibu kwamba la kulia ni la watu. Mtu akimsalimia njiani asiitikiwe, atasema mkimbizi ana kiburi.

Ukimbizi wenyewe ulikuwa umekwisha zamani. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Kasulo, akaolewa Kasulo, akawazika wazazi wake huko huko. Lakini neno lile lilimganda kama utomvu wa mgomba kwenye nguo. Unafua, unaanika, doa lipo. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hakuna aliyewahi kumwambia akae hapo.

Nyimbo aliziletewa na Ineza kutoka shule ya bweni. Wasichana kule walikuwa wamezama katika tamthilia za Kikorea na nyimbo za vijana wa huko wenye nywele za kila rangi. Likizo moja mama na binti walikuwa uani wakichambua maharage, simu ikiimba, Speciose akauliza hawa wanalia nini. Ineza alitafuta maana mtandaoni, akaipata kwa Kiingereza, akamgeuzia kwa Kiswahili. Hata kama leo hukushinda, wimbo ulisema, jioni umeifikia. Keti upumzike, hujachelewa.

Mikono ya Speciose ilisimama juu ya ungo. Mumewe, Niyongabo, alikuwa ameondoka kwenda Kahama kutafuta dhahabu, na hata salamu zilikuwa zimekoma. Aliomba aambiwe tena. Kisha akaomba aambiwe tena. Mwisho wa likizo ile aliujua wimbo wote kwa moyo, neno baada ya neno, ingawa hakujua lipi ndilo jioni na lipi ndilo pumzika.

Aliuficha kama mtu anavyoficha ulevi. Mama mzima, mlokole, kufuata nyimbo za watoto wa shule! Akiona mtu anakaribia shamba alizima simu. Ineza alimsaidia kuficha, maana yeye aliona haya kuliko mama yake.

Ndipo, Ineza akiwa amemaliza shule na kurudi nyumbani, ikafika habari kutoka Kahama kwamba Niyongabo ameoa. Jumapili iliyofuata, wakati wa maombi ya pamoja, kila mtu akipaza sauti yake, Speciose alipiga magoti akatafuta maneno. Kirundi kilimkataa, na Kiswahili nacho kikamkataa. Kilichotoka ni ule wimbo. Hakuuimba; aliusema, polepole, machozi yakimtiririka, na kwake yalikuwa maombi ya kweli.

Waliokuwa karibu walinyamaza, na ukimya ukaenea hadi mbele. Katika kanisa lile mtu akinena kwa lugha, sharti apatikane wa kufasiri. Mzee wa kanisa, Celestini, alisimama, akafumba macho, akafasiri: yuko binti hapa ndani amefungwa kamba, leo Bwana ameikata, asimeze tena dawa za wanadamu. Kila mtu alimgeukia Ildefonsa, mke wa Nyandwi, aliyekuwa na kifafa tangu utoto na kila mwezi akichukua dawa zahanati. Ildefonsa alianguka kifudifudi akilia kwa furaha.

Njiani kurudi Ineza hakuweza kuvumilia.

"Mama, ule ni ule wimbo."

"Najua."

"Mbona hukuwaambia?"

"Ningewaambia nini? Nilikuwa naomba." Walitembea kidogo. "Wameniambia Jumapili ijayo nikae mbele. Umewasikia?"

Ineza aliwasikia. Alisikia pia jinsi sauti ya mama yake ilivyotetemeka kwa kitu kilichofanana na furaha, akanyamaza. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hapa alikuwa yeye.

Speciose akahamia benchi la mbele. Wanawake waliokuwa wakimpita kisimani sasa walimtwisha ndoo. Kila Jumapili alimwona Ildefonsa aking'ara, na kila Jumapili alijiambia kwamba huenda Mungu amepitia hapo hapo kwenye wimbo, nani ajuaye. Usingizi ulimpungua. Hakusema.

Msimu wa kuvuna maharage Ildefonsa alianguka akisonga ugali, mkono ukaingia motoni. Nyandwi alipotaka kumrudisha zahanati, mkewe alikataa. Kumeza dawa tena, alisema, ni kumwita Mungu mwongo.

Jumapili iliyofuata, wakati wa ushuhuda, Speciose alisimama. Alisema Bwana asifiwe, wakaitika amina kwa nguvu, wakitarajia neno kubwa.

"Ile lugha niliyonena si ya Roho," alisema. "Ni wimbo. Wanauimba vijana wa Korea. Ninao kwenye simu."

Hawakumwelewa, ikabidi aupige. Ngoma zikaanza, vijana wakaimba, na maneno yale yale yaliyowaliza watu yakatoka na mdundo wake. Mtu mmoja alicheka, kisha kanisa zima. Celestini, uso umemjaa jasho, alimwamuru akae. Hakukaa.

"Ildefonsa, mwanangu, kameze dawa zako. Mimi sikukuombea wewe. Nilikuwa najililia mwenyewe."

Ineza hakuyasikia maneno hayo, alisimuliwa baadaye. Kicheko kilipoanza alikuwa ameinuka kama mtu anayekwenda kujisaidia, akatokea mlango wa pembeni, akajibanza nyuma ya choo cha kanisa hadi watu wakatawanyika. Mama yake alipopita alimwona pale. Alimpa tu Biblia amshikie.

Benchi la nyuma lilimpokea tena. Kisimani wakamwita Mama Korea, wakamuuliza leo Wakorea wamesemaje, mvua ipo? Sikio la kulia lilisikia yote, na Speciose aliitikia kila salamu.

Siku moja Ildefonsa alikuja, mkono umefungwa bendeji. Alikuwa amerudia dawa, ila hakuja kwa hilo. Alitaka kujua yale maneno kweli yalisemaje. Speciose alimwita Ineza aje afasiri, na Ineza alisema ameshasahau. Hakuwa amesahau hata neno. Basi Speciose alimwambia mwenyewe, kwa Kirundi. Ildefonsa aliutazama mkono wake, halafu akasema kwamba hata yeye jioni ameifikia.

Mwaka huo Ineza alipata nafasi chuo cha ualimu, Bukoba. Speciose alimsindikiza hadi stendi ya Benaco akiwa na begi kichwani, na ilikuwa mara ya mwisho kuonana, kwani masika yaliyofuata presha ilimwangusha shambani, naye hakuamka. Pale stendi walikuwepo wasichana wengine wanaokwenda chuo hicho hicho. Mmoja aliuona waya umechomoza chini ya kilemba.

"Shikamoo mama. Unasikiliza nini?"

Speciose hajafungua kinywa, Ineza akamwahi.

"Mahubiri," alisema.

Mama yake alimtazama. Aliitikia marahaba. Gari lilipowashwa, Ineza ameshapata kiti, Speciose alikuja hadi dirishani, akainuka kwa vidole vya miguu ili amfikie.

"Mimi wameshanicheka, Ineza, imekwisha hiyo. Wakikuuliza tena, waambie ni wimbo."