Jiwe la Wakesho

Enzi zetu, sisi watoto wa milimani juu ya Wundanyi, mdako ulitutoa damu. Kokoto za kijito chetu zilikuwa zimebanduka mwambani juzi tu, zina kona na ncha; ukirusha moja na kuidaka kwa mgongo wa kiganja, lazima ikuchune. Hatukulia. Watoto wa siku hizi wakichubuka kidole, hupiga picha kwanza.

Likizo ya Agosti tulishuka Voi kwa shangazi, na huko mtoni tukashangaa. Kokoto zilikuwa laini kama maharagwe yaliyolowekwa. Zile za mbali na maji, kwenye uwanda mwekundu, zilikuwa na vishimo vishimo, zimechapwa na upepo wenye mchanga. Shangazi alicheka: "Hizi za mtoni zimetoka kwenu huko juu, nyinyi! Zimegongana njiani mpaka zikaisha ukali."

Dada yangu Wakesho aliyashika maneno hayo kama ahadi. Tuliporudi nyumbani alichagua jiwe dogo jeusi lenye mshipi mweupe, akalitupa kijitoni. "Agosti ijayo nitalikuta kwa shangazi limeshalainika."

Moyo wake ulikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Hata kukimbia hakuruhusiwa. Lakini kila Agosti, huko Voi, alipiga magoti mchangani, akapekua.

"Halijafika."

"Limepitia Mombasa kwanza, kuogelea," nilimdhihaki.

"Nyamaza wee! Likifika hutaligusa."

Mama alinivuta sikio kando. "Mwache. Anayengoja kitu haondoki."

Aliondoka, kabla ya Agosti nyingine.

Hatukujua wakati ule kwamba jiwe halifuati likizo za shule. Mafuriko hulisukuma kidogo, kisha jiwe hulala miaka, mchanga ukilisugua taratibu. Pengine la Wakesho lilikuwa bado halijavuka shamba letu siku tulipomzika.

Majuzi nilimpeleka binti yangu Voi. Malori yamechota mchanga mpaka mto umebaki mashimo, na kokoto huchekechwa zikaenda kwenye majengo. Nilijikuta nimeinama.

"Baba, umepoteza nini?"

"Hakuna, mama. Twende."

Enzi zetu mtoto mgonjwa aliweza kutupa jiwe mlimani akawa na mahali pa kulingojea. Sasa likishuka, hata kama limelainika namna gani, litamwagwa kwenye zege la nyumba ya mtu asiyemjua Wakesho.