Dawa Niliyoiita ya Presha

Daktari alisema ninaumwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni, akaniandikia vidonge na kunionya nisitegemee nafuu wiki za mwanzo. Nilitoka pale na hasira. Sikuwa nimefiwa. Mshahara wa ualimu ulikuwa unaingia, kahawa mwaka huu ilikuwa na bei nzuri, na kibanja chetu hapa Chonyonyo kilikuwa kimejaa ndizi ambazo wala sikuzipanda mimi. Mtu wa namna hiyo anaumwa nini? Ningevunjika mguu ningechechemea kifua mbele. Lakini kujifungia kwenye choo cha walimu nikalia, kisha ninawe uso nikafundishe hesabu, hilo niliona ni aibu tupu.

Mama ndiye aliyenisukuma niende hospitali. Tunaishi wawili tangu baba afariki. Alasiri moja alinikuta nimekaa barazani nikiitazama kahawa tuliyoianika, mvua ikiinyeshea, na turubai la kuifunika likiwa miguuni pangu. Mama yangu akiacha kahawa ilowe bila kugomba, jua ameogopa. Aliifunika mwenyewe, akaja akakaa karibu nami, akaniambia nisipokwenda kupimwa ataniitia baba mchungaji.

Niliporudi akauliza daktari kasema nini.

"Presha, mama."

Sikulipanga neno hilo, lilitoka lenyewe. Presha ni ugonjwa wenye heshima zake. Wazee wa kanisa wanayo, walimu wakuu wanayo, na hakuna anayekuuliza umeipata wapi wala umekosa nini maishani.

Mama akaliamini neno langu lote. Alianza na chumvi. Nyumba yetu ni ya sufuria moja, kwa hiyo aliponinyima mimi alijinyima na yeye. Nilimwona akizungusha ndizi na maharage mdomoni, mama mzima wa miaka sabini na ushee anayependa chumvi kuliko sukari, akinitazama na kuniambia, "Kula, baba. Tutazoea." Nikala hivyo hivyo.

Ikafuata kahawa. Huku kwetu mgeni akikaribishwa hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa, na kikapu chake kidogo humfikia kila aliyekaa. Kumruka mtu ni kumtukana. Jumapili moja wageni walitoka kanisani wakapitia kwetu, na mama akazungusha kikapu, aliponifikia akanipita. Akawaeleza kabla hawajashangaa: "Huyu ana presha." Wakaguna kwa huruma. Mmoja akasema atanikumbuka kwenye maombi. Nikainamisha kichwa na kupokea pole za ugonjwa ambao sina. Nilijiona mwizi.

Vidonge vyenyewe vilinikausha mdomo na kunilaza usingizi mzito, na asubuhi nilikwenda shule kichwa kikiwa kizito kama kibuyu cha maji. Kisha, sijui lini hasa, mambo yakaanza kulegea. Siku moja nilikuwa nakata majani makavu ya migomba, nikajikuta napiga mluzi. Nikaacha mara moja, maana mama alikuwa jikoni akipika chakula chake kisicho na chumvi kwa ajili yangu. Nikajiambia nitamweleza nikishapona kabisa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa uso wake.

Ndipo akaja mama mdogo kutoka Kimuli, kukaa siku chache na dada yake. Yeye anayo presha ya kweli. Siku ya pili nilirudi kutoka shule nikamkuta amelala mkekani sebuleni, ulimi mzito, maneno yanamtoka kama ya mtu aliyelewa rubisi. Alijaribu kuinuka aitikie shikamoo yangu, miguu ikamkatalia.

"Dawa zake zimemwishia," mama akasema. "Nimempa za kwako, si presha ni ile ile? Asubuhi nimemwongezea, maana kichwa kilikuwa bado kinamgonga."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyemgawia ndugu yake unga.

"Mama, zile si za presha."

"Ni za nini?"

"Za huzuni."

Alinitazama, akamtazama mdogo wake, akaanza kutafuta viatu.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la jirani. Mama alikaa nyuma, amempakata mdogo wake kichwa mapajani, na njia nzima alikuwa akimwita kwa jina la utotoni asilale. Mimi nilikaa mbele na pakiti ya vidonge mkononi. Pale mapokezi ilinibidi niseme kwa sauti ni dawa gani, ni ya nani na ni ya ugonjwa gani, mama akiwa amesimama nyuma yangu. Walimlaza mama mdogo wakamwangalia usiku kucha. Kesho yake akaruhusiwa, akasema hajawahi kulala usingizi mtamu vile tangu aolewe. Wauguzi wakacheka. Mimi nilishindwa. Angeweza kufa, na mama yangu angebeba moyoni kwamba ni yeye aliyemuua.

Mama hakunigombeza. Alisubiri mpaka mama mdogo aliporudi Kimuli, ndipo akaniuliza: "Hiyo huzuni nimekupa mimi?"

"Hapana, mama. Ni ugonjwa tu, kama malaria. Hakuna aliyeuleta."

Akaitikia, lakini nikaona hakuamini. Kwake yeye, mtoto mwenye huzuni katika nyumba ya mama yake ana sababu, na anaificha ili asimuumize mzazi. Na aliyemfundisha kwamba mimi huficha mambo ni mimi mwenyewe.

Siku hizi maji ya kumezea ananiletea yeye. Anasubiri nimeze, halafu ananiletea kosa lingine alilolichimbua. Juzi lilikuwa kofi alilonipiga mbele ya wajomba. Jana ilikuwa ile siku aliponipeleka Muleba kwa shangazi nikasome, nikiwa mdogo.

"Nilikuona unalia," alisema. "Nikageuza uso upande mwingine nikaondoka. Ni hilo?"

"Siyo hilo, mama."

"Basi usiniambie," akasema, akapokea kikombe mkononi mwangu. "Nitaendelea kukumbuka."