Maulidi ya Upupu

Enzi zetu pale Mohoro hakukuwa na losheni wala krimu. Kulikuwa na mafuta ya nazi, na kulikuwa na Bibi. Ukiwashwa anakuburuta hadi uani, anakusugua kwa kumbi la nazi na sabuni ya mche, ile ya kufulia, mpaka ulie. Ukizidi kuwashwa, anazidi kusugua. "Uchafu huo, mjukuu wangu, utatoka tu!" Haukutoka, jamani. Vijana wa leo wanawalipa watu saluni Ikwiriri wawasugue nyuso. Mie nilisuguliwa bure, tena kwa lazima.

Ugonjwa wangu ulikuwa pumu ya ngozi, ingawa jina hilo nimelijua ukubwani. Viwiko na nyuma ya magoti vilikuwa vikavu vyenye magamba, na vidole vilipasuka hadi vikatoa maji. Wenzangu madrasa waliniita Kenge. Basi nami niliwanyooshea mikono hiyo hiyo nikawakimbiza, wakatimua mbio wakipiga mayowe, nikacheka mpaka mbavu ziniume.

Kilichoniuma kweli kilikuwa Maulidi. Siku hiyo watoto walikula pilau kwenye sinia moja, wamezunguka viwiko vinagongana, kila mtu anachimba upande wake huku jicho liko kwenye nyama ya katikati. Mie nilitengwa. Bi Tatu, mpishi mkuu wa mtaa, aliniwekea kisahani changu nyuma ya jiko. "Kaa huku, Mwanaidi, usije ukawaambukiza wenzio." Lakini alinionea huruma, akanipakulia mnofu mkubwa kama ngumi. Nikaula huku nalia. Nilitaka kugombania kipande kidogo na wenzangu, basi.

Sasa binamu yangu Athumani akauona ule mnofu. Athumani alikuwa na tumbo lisiloshiba na akili za kijambazi. Maulidi ya mwaka uliofuata, pilau ikiwa bado jikoni, akaingia kichakani, akachuma upupu, akajipaka mikononi ili naye awashwe, atengewe sahani yenye mnofu. Wallahi, asiyeujua upupu asitamani kuujua! Kufumba na kufumbua huyu hapa uani, kanzu kaitupa, anaruka, anajisugua kwenye mnazi, analia, "Nakufa, mama yangu, nakufa!"

Wanawake wakaacha miiko yao. Bi Tatu akanigeukia. "Si nilisema? Kashamwambukiza! Huyu hata madrasa asikanyage tena!" Rafiki zangu wote walikuwa madrasa. Nikifukuzwa huko, ningebaki kucheza na kuku.

Bibi akamshika Athumani sikio, akaigeuza mikono yake juani, akaviona vile vinyoya. "Upupu huu, mwanahizaya wee! Sema mwenyewe, au nikuogeshe kwa kumbi?" Kusikia kumbi tu, Athumani akamwaga yote, upupu, mnofu na sahani. Uani wakaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Bi Tatu," alisema, "mtoto huyu namwogesha mimi tangu anatambaa. Nalala naye kitanda kimoja. Haya, nionyeshe kipele changu kimoja." Akapandisha mikono ya gauni hadi mabegani. Ngozi yake ilikuwa laini, inang'aa mafuta. Bi Tatu akaokota mwiko wake, akaanza kupakua pilau. Bibi akanikokota mpaka kwenye sinia la watoto, akakaa chini na magoti yake mabovu, akangoja nitie mkono, kisha akamega tonge pale pale nilipomega mimi, akala. Watoto wakasogea mmoja mmoja. Nyama sikuipata. Athumani, kapakwa majivu ya kuondoa upupu mpaka puani, aliniwahi. Sijawahi kula pilau tamu kama ile.

Majuzi nimempeleka binti yangu hospitali Kibiti, naye karithi mambo yangu. Daktari akanieleza kwamba ngozi yake ni ukuta wa udongo uliobanduka. Maji ya ndani yanatoroka, vumbi na vijidudu vinaingia, na kinga ya mwili ina hasira za karibu, inapigana hata na vumbi lisilo na kosa. Huo ugomvi ndio muwasho. Kwa hiyo aoge haraka kwa sabuni isiyokausha, apakwe mafuta mazito ngozi ingali na unyevu, na asisuguliwe kabisa. Nikacheka peke yangu, daktari akanishangaa. Maskini Bibi, mapenzi yote yale, kumbe kila siku alikuwa anabomoa ukuta aliotaka kuujenga!

Maulidi ya mwaka huu nilikwenda na binti yangu. Mikono yake ilikuwa imechachamaa, nami nilishajiandaa kugombana na mtu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Pilau iligawiwa kwenye vifungashio, kila mtoto na chake, na kijiko cha plastiki na macho kwenye simu. Binti yangu alikaa katikati yao, akala, akamaliza. Hakuna aliyemtenga. Wala hakuna aliyemsogelea.