Sahihi ya Mhusika

Dada yangu ni fundi cherehani, na uzi ukimkatikia mara mbili hununa siku nzima. Lakini kwa faili la mwanawe alisubiri miaka miwili. Mrefu, ndivyo tulivyomwita kijana wetu, alivuka mpaka kutafuta kazi ya kuchomelea vyuma. Akakamatwa huko, kisha kimya.

Serikali yetu ilisema faili ni siri ya nchi ile. Nchi ile ikasema ni siri ya Mrefu mwenyewe. Tukaenda kwa Msimamizi wa Taarifa, ambaye hayuko chini ya waziri yeyote, nami nikapata matumaini, mjinga mimi.

Karani wake alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alimvutia dada kiti, akafungua sheria ya kule.

"Faili lipo, mama. Ila wanataka sahihi ya mhusika."

"Mhusika ndio nani?"

"Mwanao."

"Si ndiye ninayemtafuta?"

Karani aliinamisha kichwa. "Ni kulinda faragha yake. Aliye hai lazima aridhie mwenyewe."

"Na asiye hai?" nikadakia. Laiti ningenyamaza.

"Huyo kwao hana faragha. Mzazi akiapa kwamba amefariki, faili linafunguliwa."

Dada alinigeukia, macho makavu. "Mdogo wangu, si karatasi tu? Nikishajua alipo, nitaifuta."

"Karatasi tu, dada."

Alishika kalamu kwa mkono uleule unaotunga uzi sindanoni bila miwani. Akaandika: amefariki. Karani, kwa mazoea ya kazi, akasema, "Poleni kwa msiba." Dada aliangua kilio hadi watu wa foleni wakaona aibu kututazama.

Faili lilifika baada ya wiki sita. Nilimsomea mezani kwake, cherehani ikiwa imefunikwa. Mrefu alihamishiwa kambi ambayo jina lake lilipakwa wino mweusi. Ukurasa uliofuata ulisema baadaye jina lake lilipotea kwenye orodha, na anatafutwa kambi kwa kambi kwa ombi la mama yake, na bado kambi mbili.

Wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja, wa wiki moja baada ya kiapo: "Utafutaji umesitishwa. Mama wa mhusika amethibitisha kifo."

Dada alinishika mkono kwa nguvu, akaniumiza.

"Waandikie nilisema uongo," alisema. "Waandikie sasa hivi. Wanifunge mimi."