Rudi Ukizidiwa

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu hapa Doha. Tukitoka ibadani asubuhi, Wakristo wa jengo letu la Bin Mahmoud hukusanyika alasiri chumbani kwetu kwa maombi, kwa kuwa kiyoyozi chetu hakijawahi kutuaibisha. Wengine huketi kwenye vitanda vya chini, wengine kwenye mkeka, tukaimba kwa sauti ndogo ili jirani asije akagonga ukuta. Kisha kila mtu hutaja haja yake, na wote huichukua kwa maombi. Kiongozi wetu ni mama mmoja Mkenya mwenzangu anayelea watoto katika nyumba moja kule Al Thumama. Sisi humwita Mum. Haja zetu zote anazo kichwani, na sijawahi kumwona akisahau hata moja.

Haja yangu mwaka ule ilikuwa moyo wa mdogo wangu.

Nilisema hivyo tu, moyo, na haukuwa uongo. Mdogo wangu aliugua homa akiwa mtoto ikamharibia moyo, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza daktari alimwonya yeye na shemeji kwamba mimba ya pili inaweza kuondoka naye. Walijikinga, kinga ikawasaliti. Alipogundua ana mimba, tayari alikuwa akipumzika mara mbili kati ya kitanda na jikoni. Daktari wa moyo alimwambia mimba itolewe mapema, kabla moyo haujalemewa. Alilia siku nzima, kwa sababu mtoto alimtaka. Kisha akakubali.

Mjini kwetu kulikuwa na kliniki moja tu iliyofanya kazi hiyo kihalali, na ilikuwa imefungwa. Serikali ilikuwa imetoa kanuni za usalama kwa kliniki za namna ile: kuwe na chumba cha upasuaji kamili, daktari wa zamu usiku na mchana, jenereta, na milango mipana ya kupitisha machela. Wenye kliniki walikwenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ikasimamisha kanuni, ya pili ikazirudisha, na sasa kesi ilikuwa mbele ya majaji wa juu zaidi, nao walikuwa wakiahirisha uamuzi kama watu wenye muda wa kutosha. Mdogo wangu hakuwa nao.

"Nilienda hosi ya serikali," aliniambia kwa simu, akivuta pumzi katikati ya maneno. "Wamesema sheria inaruhusu kama uhai uko hatarini. Lakini ati wangu hauko hatarini bado. Ati nirudi nikizidiwa."

"Nani amesema hivyo?"

"Wote. Aki wanaogopa, hadi unawaonea huruma. Kila mtu anangoja hiyo kesi."

Mimi sikuwaonea huruma hata chembe. Nilitukana ukuta wa choo, mahali pekee pa faragha katika jengo lile, hadi mtu akabisha hodi kwa wasiwasi.

Sasa, Ijumaa zile, Mum alikuwa na haja mbili alizozibeba kwa nguvu kuliko zote. Ya kwanza ilikuwa moyo wa mdogo wangu. Kila Jumatano alifunga kwa ajili yake, akifukuzana na watoto pacha anaowalea bila kutia hata maji kinywani. Ya pili ilikuwa majaji wa nyumbani: Bwana awatie ujasiri, kanuni zisimame, kliniki zile zifungwe zisifunguke tena. Haja hizo zilifuatana. Alitoka kwenye ya kwanza machozi yakimtiririka, akaingia kwenye ya pili kabla hajajifuta. Kwenye ya kwanza niliitika amina hadi koo likauma. Kwenye ya pili niliinama nikajifanya natafuta ndala.

Siku moja nilijaribu. Nilimuuliza, Mum, hizo kliniki zikifungwa zote, mwanamke ambaye mimba inamuua ataenda wapi?

"Kwa hospitali kubwa," alisema. "Si hata wewe ni mtu wa usalama? Ukipata mlango wa dharura umezibwa na maboksi, utaacha tu?"

Kweli mimi ni mtu wa usalama. Kazi yangu ni kuzunguka kwenye jengo la maduka nikihakikisha milango ya kutokea inafunguka, na nimegombana na wenye maduka wengi kwa sababu ya maboksi. Nilimwambia singeacha.

"Haya. Binamu yangu alikufia kwa chumba ya nyuma, kwa mtu alikuwa anajiita daktari. Hakukuwa na oksijeni, hakukuwa na damu, hakukuwa na kitu. Walimtoa na blanketi. Usiniambie milango haina maana."

Mtu habishani na marehemu wa mwenzake. Na sikuona kosa katika maneno yake. Mimi mwenyewe ningeifunga nyumba iliyomuua binamu yake na funguo nikazitupa. Lakini kliniki ya mjini kwetu ilikuwa na oksijeni na daktari, ilipungukiwa mlango. Mlango mwembamba unapanuliwa na fundi huku watu wakiendelea kutibiwa. Hayo yote niliyapanga vizuri sana kichwani, kesho yake, nikiwa nimesimama peke yangu kwenye ngazi za kutokea.

Niliyemweleza ni mmoja tu, dada wa Tanga tunayelala naye chumba kimoja, mfanyakazi wa hoteli. Yeye ni Mwislamu, na saa za maombi yetu hupanda kitandani kwake juu akavaa visikilizi masikioni. Nilimweleza jikoni wali wake ukichemka. Hapa hayo si maneno ya kusema kwa sauti, hata yakiwa ya nchi nyingine.

"Pole mwenzangu," alisema. "Sisi tumefundishwa uhai wa mama ukiwa hatarini, yeye ndiye wa kuokolewa. Ila hawa wenzio usiwaambie. Watamwombea mtoto wakamsahau mama yake."

"Lakini wanamwombea yeye kila wiki."

"Wanamwombea moyo," alisema, akafunika sufuria.

Roho yangu ilikuwa juu juu siku zote hizo. Zamu ni ya saa kumi na mbili na simu hairuhusiwi, inabaki kwenye kabati la chuma chini kule. Nilikuwa nikikagua mlango mmoja mara mbili, nikiwaza simu inaita gizani. Majaji walitangaza siku ya kusoma uamuzi, wakaiahirisha. Wakatangaza nyingine. Mdogo wangu alianza kulala ameketi, miguu ikavimba, akawa ananiandikia badala ya kupiga kwa sababu kuongea kulimchosha. Aliandika: *Bado sijazidiwa. Hahaha.* Sikucheka, na hadi leo sijamsamehe huo mzaha.

Kisha ikaja jioni nilipofungua kabati nikakuta shemeji amepiga simu mara nyingi hata skrini haikutosha. Nilikaa sakafuni na sare yangu. Alipopokea, nilisikia kelele za watu na kitoroli, naye akisema, "Yuko ndani. Yuko ndani, shemeji. Walimleta na ambulansi, alikuwa ameanza kuwa bluu." Walikuwa katika hospitali kubwa, safari ya nusu siku kutoka nyumbani. Milango yake bila shaka ilikuwa mipana. Huko hakuna aliyemuuliza kuhusu kesi wala kanuni. Mimba ilitolewa jioni ile ile, kwa sababu sasa alikuwa amezidiwa.

Aliishi. Daktari alimweleza shemeji kwamba moyo umepoteza kiasi ambacho haungepoteza kama wangefanya mapema, na hakitarudi. Mdogo wangu hawezi tena kumbeba mwanawe. Humwita apande kitandani, akamkumbatia akiwa amelala.

Nilimwandikia Mum neno moja tu, kwamba ametoka chumba cha wagonjwa mahututi.

Kwetu haja ikijibiwa, mwenye haja hutoa ushuhuda. Ijumaa ile Mum alikuja na keki. Waliimba bila kujali jirani, wakanishika mikono, na Mum akapaza sauti: "Tumefunga, tumeomba, na Mungu amejibu! Simama mama, tuambie amemtendea nini." Wote wakakaa kunisikiliza. Juu kule dada wa Tanga alivua visikilizi.

Ningeweza kusema Mungu ni mwema, nikaketi. Wangepiga makofi tukala keki. Lakini niliona akilini miguu ya mdogo wangu ilivyovimba, na hasira ikanisimamisha wima kuliko imani.

"Mdogo wangu alikuwa na mimba," nilisema. "Ilikuwa inamuua. Kliniki ambayo ingemsaidia mapema ni moja ya zile tulizoomba zifungwe. Alingoja hadi karibu afe ndipo wakaitoa. Huo ndio ushuhuda."

Hakuna aliyesema amina. Mmoja alianza kulia, mwingine akachukua mkoba wake akatoka. Mum alikuwa ameshika kisu cha keki na akakiweka chini taratibu.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia, ungeomba nini?"

Sikuona hasira usoni mwake, na hilo liliniumiza zaidi. Alimaliza maombi kwa sala ya neema, na keki ikabaki nzima hadi dada wa Tanga alipoikata asubuhi.

Hakunijibu siku ile, na hajanijibu bado. Nilidhani hatarudi, lakini Ijumaa iliyofuata alikuja, akaketi palepale. Alizipitia haja zetu moja moja kama kawaida, akaombea moyo wa mdogo wangu, akilia kama kawaida. Majaji walikuwa hawajasoma uamuzi. Alipofika kwenye haja yao alifungua kinywa, akanitazama, akakifunga.

"Hii," alisema, "kila mtu aombe kimya kimya."