Niliwaza ni Mikono ya Mutoto Yangu

Admin, ukiweka hii, toa jina yangu na ile picha yangu ya chitenge ya kanisa. Hapa Nchelenge batu bengi banafuata hii page, na njo bale bale banaonisifu. Mi ni mama ya miaka makumi ine na tatu, shule nilisimama gredi ya tano. Ninauza samaki ku cabu, pale mabwato ya kisiwa ya Chisenga inafika. Ku nyumba tunasema Kibemba, Kiswahili yangu ni ya biashara na ba Congo, basi mutanivumilia. Ninaandika na haya, na hapa sina mutu ya kuambia.

Niko na binti moja. Nitamuita Mwila, si jina yake. Eko kipa mu timu ya kriketi ya babinti ku shule. Kwa bale habajui, kipa anachuchumaa nyuma ya vijiti na glavu mbili, anadaka mupira ngumu kama jiwe. Mwaka huu timu ya provensi inaenda Lusaka, na kipa ni moja tu kutoka kwetu. Mwila alishafua begi, akaianika, akaifua tena. Zamani bazazi balikuwa banalalamika kwamba kochi anachukua tu ule anayepiga mupira sana, na mwenye mikono muzuri anabakia. Basi kochi, mwalimu mwanamuke, akasema, “Mara hii tutaangalia glavu tu. Sitaki kujua nani anapiga, nani ni mutoto ya nani.” Akaita siye ba mama batatu ya ku cabu tukuwe ba kuchagua.

Alituita siye kwa sababu hapa mabwato haifiki ku inchi kavu, matope inazuia. Banaume banabakia mu bwato, banatutupia mafungu ya samaki, siye tunapokea tukisimama mu maji. Ukipokea na mikono ngumu, samaki inapasuka, na mununuzi anaikataa. Unaacha mikono irudi nyuma pamoja nayo mpaka ku tumbo, kama unapokea mutoto mwenye kulala. Rafiki yangu, moja ya siye batatu, akacheka, “Mama Mwila, leo tunakuwa ba refa, na haya magoti yetu yanayolia.”

Babinti bane bakaingia na overoli za namna moja, helmeti ku kichwa, na kitambaa ya rangi ku mukono. Siye tulikaa nyuma ya wavu ya samaki, mbali kidogo. Kochi akasema mwenye kutaja jina ya mutoto atatoka.

Hapa njo pa haya yangu. Nilikuja na mawazo moja: kutafuta mutoto yangu na kumuchagua, hata aangushe mipira yote. Nilitafuta urefu yake, nilitafuta mutembeo yake, sikuona kitu. Kisha ule ya kitambaa nyekundu akatupiwa mupira ya chini kabisa. Mikono yake ikarudi pole mpaka ku tumbo, hata sauti hakuna. Moyo yangu ikasema, ile ni mikono ya nyumba yangu.

Rafiki yangu akasema, “Nyekundu ni muzuri, lakini ule ya njano hajapoteza hata moja.” Nikaona mutoto yangu, ule nyekundu, anataka kukosa nafasi. Nikasema kwa sauti, “Ule ya njano glavu yake inapiga kelele. Ingekuwa samaki, ingepasuka.” Nikamusema vile na vile, mpaka ba mama bale babili bakachoka, bakakubali nyekundu.

Babinti bakatoa helmeti. Nyekundu alikuwa Solange, binti ya mama moja mu-Congo, jirani yangu ku cabu. Njano alikuwa Mwila.

Nilibakia kama mutu amemwagiwa maji. Solange amekua mu maji pembeni yangu. Ni mi nilimufundisha kupokea. Mwila sikumuruhusu hata siku moja. “Enda soma, sitaki unuke samaki.” Mikono yake alifundishwa ku shule, na mi sikuenda hata mara moja kumuangalia akicheza.

Mama ya Solange akalia ku shingo yangu, “Aksanti, mama. We uko mutu ya haki.” Siku ya Mungu, pasta akasema mu kanisa kuna mama aliyeweka damu yake pembeni juu ya kweli. Batu bakapiga makofi. Mi nikasimama, nikatabasamu.

Mwila hakulia. Tulikuwa tunaosha masufuria, akasema, “Mama, kumuchagua Solange si kitu. Solange anajua. Lakini ungenyamaza tu. Ile ya samaki kupasuka ilifika ku shule. Sasa nikipita banasema, samaki imepasuka iyo.” Glavu alisharudisha kwa kochi. Nikaangalia mikono yake mu maji ya sabuni. Kidole yake ya mwisho imepinda. Nikauliza, “Hii ni tangu lini?” Akasema, “Tangu mwaka jana, Mama.”

Bus inaenda juma hii. Nikisema kweli kwa kochi, labda batachagua tena, na Solange, mwenye hana kosa, atapoteza safari. Nikisema kweli kwa Mwila peke yake, atajua nilitaka kuiba nafasi nimupe yeye kwa sababu ninamupenda, na kwamba mama yake mwenyewe hajui mikono yake. Nikinyamaza, ataendelea kuwaza nilimuona vizuri na nikamukataa. Kila jioni anakaa mbele yangu, anakula, ananiita Mama.

Ba mama wenzangu, munaosoma hii, muniambie. Nianze kumuambia nini?