Rafiki wa Steringi

Usiku ule nililala mapema, nikiwa nimeshakata shauri. Kesho yake mashine yangu ya gemu ingerudi kwenye boksi lake pamoja na pedi zake mbili, ile nyeusi niliyokuwa nikichezea mimi na ile nyekundu ya marehemu Sefu, na boksi lingepanda juu ya kabati lisishuke tena. Mke wangu nilimwambia kwamba vidole gumba vinaniuma. Mtu wa miaka sitini na mbili, fundi saa aliyestaafu, nani angembishia? Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, Baba Rehema. Vidole ni vyako."

Vidole havikuwa na neno. Ukweli ni kwamba mimi na Sefu tulikuwa tumefika hatua ya mwisho ya gemu letu, na hatua ile inataka watu wawili. Kuna ngome yenye milango miwili ya chuma. Kila mchezaji anasukuma wake, kwa wakati mmoja, na ndani anangoja adui mkuu. Tulikuwa tunashindwa kila siku kwa kosa lile lile: Sefu hawezi kusukuma mlango akiwa amefunga mdomo. Lazima atangaze. Akitangaza anasahau kubonyeza, milango inatuponda wote wawili, tunalaumiana mpaka chai inapoa. Halafu akaugua wiki moja tu, akafariki. Kwa miezi saba nikawa nawasha mashine, naitazama ile milango, nazima. Gemu limenizoesha vibaya, maana humo mtu akifa unahesabu tatu, anasimama tena na bunduki yake. Nilijua Sefu hasimami, lakini sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa bado inahesabu.

Basi usingizi ukanichukua, na mara niko ndani ya banda la video la Sefu, lile la mabati nyuma ya soko, lililobomolewa kabla binti yangu Rehema hajazaliwa. Ni mchana. Jua linapenya kwenye matundu ya misumari, mabenchi yamejaa, na deki ya mikanda imefunikwa kile kitambaa cha kufuma cha mama yake. Sefu amesimama kando ya TV na kijiti chake mkononi. Ni kijana, ana nywele tele, na sisi tulimzika na upara.

Kwa wasiomjua, Sefu alikuwa mtafsiri. Mikanda ya mapigano ilikuja kwa Kiingereza au kwa Kichina, naye alisimama pale akatueleza kwa Kiswahili steringi, yaani shujaa wa mkanda, anasema nini na adui anamjibu nini. Kiingereza alikuwa nacho kiasi. Kichina hakuwa nacho hata cha kuombea maji, lakini hakuna siku alinyamaza. Nilikaa miaka ishirini nikiamini kwamba adui wa mkanda mmoja tulioupenda sana ni baba mkwe wa steringi, anakataa kutoa binti. Nilipokuja kuuona una maandishi chini, kumbe yule bwana ni mkuu wa polisi, na binti hana. Nilisikitika, kwa sababu mkanda wa Sefu ulikuwa na maana zaidi.

Katika ndoto mkanda umeanza, na steringi ni mimi. Nimevaa msuli na kandambili, kile kioo changu cha kutazamia saa kimebana jichoni, nakimbia kwenye korido ndefu.

"Huyo ndiye steringi wetu," Sefu anatangaza. "Anakimbia, lakini goti halijakubali."

Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu nimekaa pia kwenye benchi na karanga zangu kwenye karatasi. Nataka kujipigia kelele nitazame nyuma. Ndivyo tulivyofanya enzi zile, tukimpigia kelele steringi kana kwamba anasikia. Nadhani ndiyo maana niliyapenda magemu nilipoyajua uzeeni: hatimaye nilimpata steringi anayenisikia.

Korido ikaishia sebuleni kwangu. Sefu amekaa kwenye kochi pembeni yangu, sasa ana upara wake, ameishika pedi nyekundu, na mbele yetu iko ile milango miwili. Nilifurahi mpaka nikasikia joto kifuani.

"Safari hii funga mdomo," nikamwambia. "Sukuma."

Hakusukuma. Akaiweka pedi juu ya mapaja yangu, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

"Kwa nini ulikufa?" nikamuuliza. "Si ulisema mwenyewe, steringi hafi?"

"Steringi hafi," akakubali. "Anayekufa ni rafiki yake."

Nyuma yetu mabenchi yote yakaitikia "Eeeh," kwa sauti ya watu ambao mkanda huu wameshauona.

Na ni kweli, ndiyo ilikuwa sheria ya banda. Kila mkanda ulikuwa na rafiki wa steringi, mcheshi, mpenda kula, na katikati ya mkanda lazima auawe. Steringi anapiga magoti, anamfumba macho, analia kidogo. Hapo Sefu alikuwa anagonga TV kwa kijiti na kusema, "Haya, sasa picha inaanza," na waliotoka kujisaidia wanarudi mbio wakifunga suruali.

"Mimi nimekufa pale pale panapotakiwa," Sefu anasema. "Wewe umepiga magoti miezi saba. Umeona wapi mkanda wa hivyo? Watu wamekaa kwenye mabenchi wanakungoja."

Nikalia, na sikuona aibu. Nikamwambia milango ni miwili na mimi ni mmoja. Yeye akanyoosha kijiti, akaugonga ukuta wa mabati, na ukuta ulikuwa pale, sebuleni kwangu, na matundu yake ya misumari.

"Kuna mtu kasimama nje miaka yote," akasema. "Nyekundu mpe huyo."

Nikanyanyuka kwenda kufungua. Mlango wa banda ulikuwa mzito, nikasukuma kwa mikono miwili, mwanga ukanijaa usoni, na nikaamka. Ilikuwa asubuhi. Mke wangu alikuwa amefungua dirisha, anakunja chandarua.

Nikamsimulia ndoto yote nikiwa bado kitandani. Nilipofika kwenye yule mtu aliyesimama nje, mikono yake ikatulia.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe vipi?"

"Nilikuwa nauzia wapi karanga, Baba Rehema?"

Nilijua vizuri sana. Alikuwa anauzia pale pale, ameegemea ukuta wa banda, na ndipo nilipompendea. Kila siku nilinunua, nikamwambia maneno yangu mawili matatu, nikaingia ndani kuwahi mkanda. Wasichana hawakuingia, na baba yake angemvunja miguu.

"Nilidhani unauza karanga," nikasema.

"Nilikuwa nauza. Masikio nayo nilikuwa nayo. Mikanda yote ya shemeji Sefu naijua, sijauona hata mmoja."

Miaka thelathini na sita tumelala kitanda kimoja, na mimi na Sefu tumecheza gemu sebuleni miaka tisa, yeye akituletea chai na kurudi jikoni, akiacha mlango wazi. Sikuwahi kuuliza kwa nini anauacha wazi. Niliona haya kuliko nilivyowahi kuona. Nikaenda sebuleni, nikalisogeza lile boksi tupu nililolitoa jana, nikampa pedi nyekundu.

Akaifuta kwa ncha ya kanga, akakaa mahali pa Sefu, akauliza cha kusukumia ni kipi. Nikamwonyesha. Milango ikatokea kwenye kioo cha TV. Mke wangu akakohoa kidogo, na sauti iliyotoka ilikuwa yake, lakini mwendo wa maneno ulikuwa wa marehemu mtupu.

"Haya, sasa picha inaanza. Steringi kaamka, jicho moja limejaa tongotongo. Kule ndani adui anatetemeka, anajiuliza, huyu mzee kampata wapi mwenzake?"

Mlango wake ulisogea vizuri kabisa. Wangu haukusogea. Milango ikatuponda wote wawili, kwa sababu nilikuwa nasikiliza na nimesahau kubonyeza.

"Vidole vinauma?" akaniuliza.

"Havina neno," nikasema. "Tuanze tena."